Deni la Mtazamaji

Lipo jibu moja ambalo hutolewa kwa haraka kila inapoulizwa kama ni halali kustarehe kwa kumtazama mtu akiihatarisha shingo yake. Jibu lenyewe ni hili: kataka mwenyewe. Bondia kataka mwenyewe, dereva wa magari ya mashindano kataka mwenyewe, na yule apitaye juu ya kamba baina ya majumba mawili kataka mwenyewe; basi sisi tulioketi na kutazama tumekosa nini? Ni jibu lenye nguvu ya kufunga midomo, nami huyatilia shaka majibu ya namna hiyo, kwani aghalabu hufunga mdomo kabla swali halijamaliza kuulizwa. Swali halikuwa juu ya haki ya mchezaji. Lilikuwa juu yetu sisi.

Nataka kulirejea swali hili kwa kupitia mchezo ulio mbali nasi kabisa, mchezo ambao watoto wetu hawaucheza na wazee wetu hawakuusimulia. Michezo ya kwetu tumeizoea, na jicho lililozoea huwa halioni tena, hujua tu. Mbele ya kitu kigeni mtu hulazimika kutazama, na akishatazama huenda akajiona na yeye mwenyewe anavyotazama.

Januari 2024 kazi ya tafsiri ilinifikisha Munich, na mwenyeji wangu, bwana mmoja mwenye mapenzi makubwa na mchezo wa skii, akanichukua kwa gari mpaka Kitzbühel, mji mdogo wa jimbo la Tirol nchini Austria. Huko kila mwaka hufanyika mbio ziitwazo Hahnenkamm, neno ambalo maana yake ni kishungi cha jogoo, na ndilo jina la mlima wenyewe. Mbio hizo zilianza mwaka 1931, na njia inayotumika katika mashindano ya mteremko, Streif, imekuwa ikitumika tangu 1937. Mshindani hufunga miguuni skii mbili, husimama katika kibanda kilicho mita 1,665 juu ya usawa wa bahari, kisha hujitupa. Mbele yake kuna mita 3,312 za njia, na mwisho wake uko chini mita 860 kutoka pale aliposimama. Pahala penye ukali kupita pote panaitwa Mtego wa Panya; hapo mteremko ni wa asilimia 85, yaani kwa kila mita 100 unazokwenda mbele unashuka mita 85, na mtu hutupwa hewani mithili ya jiwe la manati. (Sijui aliyepatia jina alimfikiria nani kuwa panya. Mtafsiri hawezi kupita juu ya jina kama hilo bila ya kusimama.) Aliyepita njia hiyo kwa haraka kuliko wote ni Fritz Strobl wa Austria, mwaka 1997, kwa dakika 1 na sekunde 51.58. Ukipiga hesabu utakuta ni wastani wa kilomita 107 kwa saa, na mahali pengine mwendo huzidi 140. Wala msomaji asidhani kwamba hiyo ni theluji laini ya kwenye picha. Njia humwagiwa maji usiku yakaganda, ikawa barafu ngumu inayong'ara, na ukingoni mwake hutundikwa nyavu ndefu za kumzuia anayetoka asiingie msituni.

Watazamaji ni makumi ya maelfu. Husimama chini, penye mstari wa mwisho, na kandokando ya mteremko, wakiwa na kengele za ng'ombe mikononi, bendera, na vinywaji vya kuwatia joto. Kwa macho unaona kipande cha mwisho tu, tangu mshindani anapotokea juu ya ukingo wa kilima kinachoitwa Hausberg mpaka anaposimama. Sehemu nyingine yote unaitazama katika kioo kikubwa cha televisheni kilichosimamishwa uwanjani. Hao washindani hushuka mmoja mmoja. Kila mmoja unamngojea kwa muda mrefu kuliko unavyomwona.

Nilisikiliza zaidi kuliko nilivyotazama, na huenda huo ni ugonjwa wa washairi. Anapotokea mtu juu ya ukingo, kengele hupigwa kwa pamoja na sauti haikatiki mpaka apite mstari. Lakini siku ile mmoja wao, katikati ya mteremko wa mwisho, skii ya nje ilimkatalia. Mguu mmoja uliruka juu, kiuno kikakaribia ardhi, mkono ukagusa barafu. Kengele zikanyamaza. Nilisikia kitu ambacho sijapata kukisikia mahali pengine, watu maelfu wakivuta pumzi kwa wakati mmoja. Kisha yule mtu akajiinua, sijui kwa nguvu gani, akasimama juu ya miguu yake na akaendelea. Na ukelele uliotoka hapo ulikuwa mkubwa kuliko ule aliopewa yeyote aliyekwisha kupita. Waliopita bila ya kasoro walipata kelele za adabu. Aliyenusurika alipata kelele za mapenzi, ingawa muda wake haukuwa mzuri na hakuna aliyeutazama.

Katika ukelele ule ndipo swali langu lilipo. Ni uzushi kusema kwamba watu wale walitaka kuona damu. Niliziona nyuso zao, zilikuwa nyuso za watu waliofurahi kwa mtu kusalimika. Walakini furaha ile isingekuwapo lau angekuwa hawezi kuanguka. Hatutaki aanguke, tunataka aweze kuanguka. Mtu anaweza kuyachukua maneno hayo mawili na kuyaweka mbali mbali, akalala usingizi. Lakini hesabu haituachi tulale, kwa sababu kinachoweza kutokea, kikipewa nafasi za kutosha, hutokea.

Na kimetokea. Tarehe 19 Januari 2008, siku aliyotimiza miaka 30, Mmarekani Scott Macartney aliufikia mruko wa mwisho wa Streif kwa mwendo wa kilomita 141 kwa saa, akapinda hewani, akapiga kichwa, kofia yake ngumu ikachomoka, na mwili wake ukavuka mstari wa mwisho ukiwa hauna fahamu. Mwaka uliofuata Daniel Albrecht wa Uswisi aliangukia pale pale katika mazoezi, akakaa wiki tatu bila ya kuamka. Mwaka 2011 ikawa zamu ya Hans Grugger wa Austria, katika ule Mtego wa Panya. Akapasuliwa kichwa na hakurudi tena katika mashindano. Hawa watatu waliishi. Gernot Reinstadler, kijana wa miaka 20, hakuishi alipoanguka Wengen mwaka 1991; wala Ulrike Maier, mama wa mtoto mdogo, aliyeangukia Garmisch-Partenkirchen mwaka 1994.

Hapa ndipo hurudi lile jibu, kataka mwenyewe. Nami sikusudii kulikanusha kijumla. Watu hawa si watumwa wa uwanja wa Kirumi. Wengi wao wameanza wangali wadogo, wanaupenda mlima kama mvuvi anavyoipenda bahari, na mtu mzima anayeijua hatari yake ana haki ya kuifuata. Kumnyima haki hiyo kwa jina la huruma ni kumfanya mtoto. Lakini tuitazame hiari yenyewe. Tarehe 23 Januari 2016 mwangaza ulikuwa mbaya na njia ilikuwa na matuta, na watu watatu miongoni mwa walio bora duniani, Aksel Lund Svindal wa Norway na Waaustria Hannes Reichelt na Georg Streitberger, walianguka kwenye kipande kimoja, baada ya ukingo wa Hausberg. Mashindano yaliendelea mpaka mtu wa 30 ndipo yakasimamishwa, na matokeo yakahesabiwa. Mfikirie aliyekuwa kibandani juu wakati Svindal anaondolewa. Hakuna aliyemshika mkono kumzuia asigeuke. Angeweza kuzivua skii akashuka kwa miguu. Lakini chini kuna maelfu wanaosubiri, kuna bendera ya nchi yake, kuna wenziwe waliokwisha kushuka. Kweli anataka mwenyewe, ila kutaka kwake kumezungukwa na kutaka kwetu pande zote, kama maji yanavyokizunguka kisiwa, na si rahisi kusema ardhi yake inaishia wapi na maji yetu yanaanzia wapi.

Naona nikiri hapa kwamba ipo hoja inayoipiga hoja yangu, tena kwa nguvu. Januari 2021, kwa sababu ya maradhi ya korona, mbio za Kitzbühel zilifanyika bila ya watazamaji. Hapakuwa na kengele, hapakuwa na bendera, hapakuwa na mtu wa kuvuta pumzi. Na katika mruko ule ule wa mwisho, Urs Kryenbühl wa Uswisi, akiwa katika mwendo uliozidi kilomita 140 kwa saa, aliruka mbali kuliko alivyotaka na akaanguka vibaya, akavunjika mfupa wa bega na kuumia goti. Basi uko wapi mchango wa mtazamaji? Mlima ulikuwa mtupu na mtu akajitupa vile vile.

Nimeifikiria hoja hiyo kwa muda mrefu. Ninachoweza kusema ni kwamba mlima haukuwa mtupu. Kamera zilikuwapo zote, na nyuma ya kila kamera walikuwapo watu wengi kuliko wale ambao uwanja ungeweza kuwachukua, wameketi majumbani mwao penye joto. Kilichoondoka mwaka ule ni sauti zetu tu, macho yetu yalibaki. Tena uko ushahidi wa kuwa nundu ile haikuwa amri ya Mungu: baada ya anguko la Kryenbühl, washindani walilalamika, na waandalizi wakaipunguza kabla ya mashindano yaliyofuata. Iliyoweza kupunguzwa kwa mashine siku chache baadaye ilikuwa ikiweza kupunguzwa kabla. Ilikuwa vile kwa sababu mtu anayeruka mbele ya mstari wa mwisho, akiwa miguu imekwisha nguvu, ni mandhari inayopendeza. Inampendeza nani? Si yeye anayeruka, kwani yeye haioni.

Wapemba wanaoujua mchezo wa ng'ombe wataona tofauti moja. Kule mtazamaji husimama uwanjani hapo hapo na miguu iliyo tayari kukimbia, kwa kuwa ng'ombe hajui nani amekuja kucheza na nani amekuja kutazama. Hofu huwa ni ya wote, japo si kwa kipimo kimoja. Nyavu za Kitzbühel humlinda mshindani na msitu, nasi hutulinda na mshindani. Nani awezaye kulaumu nyavu? Lakini tangu zilipowekwa, hofu imekuwa ya mmoja na ladha yake ya wengi.

Naomba sasa nimtaje mtu asiyehusika na Streif, wala hakuwa mshindani wa mbio za mteremko, bali mruka kwa skii. Jina lake Vinko Bogataj, Mslovenia, zama zile nchi yao ingali ni Yugoslavia. Mwaka 1970, huko Oberstdorf katika Ujerumani Magharibi, alipoteza mizani akiwa bado anateleza juu ya jukwaa la kurukia, akapinduka na kubiringika ukingoni huku skii na mikono vikienda kila upande. Aliumia kidogo tu, ukilinganisha na jinsi anguko lilivyoonekana. Televisheni moja ya Marekani ilikuwa na kipindi cha michezo cha kila wiki, na katika utangulizi wa kipindi hicho ikaitia picha ile kuwa ni mfano wa uchungu wa kushindwa. Kwa miaka na miaka, wiki hadi wiki, Bogataj akawa anaanguka mbele ya taifa zima. Yeye mwenyewe alikuwa kwao, mfanyakazi wa kiwandani na mchoraji wa picha, hana habari. Alipoalikwa New York mwaka 1981 katika sherehe za miaka ishirini ya kipindi kile, alistaajabu kuona watu wanamjua, na Muhammad Ali akamwendea kumwomba saini yake.

Kisa hiki huchekesha, na mwenyewe nadhani alicheka. Mimi kinanisumbua. Mtu yule alianguka mara moja, akainuka, akajipangusa, akaenda kwao. Sisi tukalikamata anguko lake tukakataa kuliachilia. Kila aliyewahi kushinda katika maisha yake, kila ruko lake jema, kila picha aliyoichora, vyote havikupata nafasi. Alitoa maisha, tukachukua sekunde chache. Na hapa sisi washairi tusijitie usafi, maana kazi yetu haiko mbali na ile ya kamera. Mashujaa wangapi wa tenzi wamekufa kila usiku kwa karne nzima vibarazani, ili sisi tupate kina?

Kiswahili kina neno ambalo nililitafuta kwa lugha ya mwenyeji wangu tukiwa njiani kurudi, nikalikosa. Neno lenyewe ni kutunza. Katika ngoma na katika taarabu, mtazamaji aliyeguswa huinuka, akaenda mbele ya mwimbaji, akamtunza: humpa fedha, humvika leso, humfuta jasho. Halali tu kwa makofi. Aliyekula uhondo bila ya kutunza, hata kama amelipa mlangoni, hujihisi amekula cha mtu. Na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa kumwangalia mgonjwa, kumlea yatima, kukihifadhi kitu kisiharibike. Sidhani ni kwa bahati. Anayekuburudisha amejitoa, na aliyejitoa hupungukiwa. Kwa hiyo ni juu yako kumrudishia, na kuhakikisha hakuharibikiwa. Waliosema mcheza kwao hutunzwa waliyajua yote mawili.

Siku niliyokuwa Kitzbühel alishinda Mfaransa Cyprien Sarrazin, karibu sekunde nzima mbele ya Marco Odermatt wa Uswisi, naye alikuwa ameshinda na jana yake. Nakumbuka alivyopita: kama mtu aliyesahau kuwa ana mwili. Watu wa nchi nyingine walimshangilia kama wao. Jina lake limeandikwa katika kimojawapo cha vibanda vya gari la kamba linalopandisha watu mlimani, kama yalivyoandikwa majina ya washindi waliomtangulia. Hilo ni tunzo la maana ya kwanza. Tarehe 27 Desemba mwaka huo huo, katika mazoezi huko Bormio nchini Italia, alianguka, damu ikavuja ndani ya fuvu, akafanyiwa upasuaji. Aliishi. Washindani wenziwe walisema hadharani kwamba njia ile haikutengenezwa vizuri. Wao walidai utunzaji wa maana ya pili. Sisi tuliokuwa na kengele hatukusikika. Mtu ataniuliza, na alichoniuliza mwenyeji wangu ni hicho hicho: mtazamaji afanye nini, aandike barua? Nilimjibu kwamba huenda ndiyo. Macho yetu ndiyo yanayouzwa pale. Kila tangazo la biashara lililo ubavuni mwa njia limelipiwa kwa ajili yake. Mwenye bidhaa inayonunuliwa kwa ghali hivyo hawezi kusema hana kauli. Angalau asiombe nundu irudishwe, na anapotazama anguko asilitake lirudiwe kwa mwendo wa polepole mara ya tatu.

Na abaki. Hilo nalo ni tunzo, tena dogo lisilogharimu kitu. Niliona watu wakianza kuondoka baada ya wale ishirini au thelathini wa kwanza, kwa kuwa wenye majina wamekwisha. Waliobaki juu walishuka mlima ule ule, barafu ikiwa imechimbika zaidi, katika Mtego ule ule, mbele ya migongo ya watu. Hatari yao haikupungua kwa sababu ya namba kifuani.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Nagano, Februari 1998, Mkenya Philip Boit, mkimbiaji aliyejifunza skii kwa muda wa miaka miwili tu, alishindana katika mbio za kilomita 10. Kampuni ya viatu ndiyo iliyomgharimia, na walikuwapo waliokuja kumtazama ili wacheke. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 hivi baada ya mshindi. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, hakwenda kuchukua nishani yake. Alisimama pale kwenye mstari, utoaji wa nishani ukangojeshwa, na Boit alipofika akamkumbatia. Huyo alikuwa mcheza mbali na kwao, naye alitunzwa na yule aliyemshinda, ambaye kwa dakika zile aliacha kuwa bingwa akawa mtazamaji.

Miaka 20 baadaye, katika michezo ya Pyeongchang nchini Korea Kusini, alishuka mlima msichana aliyezaliwa Kilifi, Sabrina Simader, aliyepelekwa Austria akiwa na umri wa miaka mitatu na akakulia penye theluji. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi, na katika mbio za super-G alimaliza wa 38. Alishuka na rangi za bendera tunayoijua, kwa mwendo ambao hakuna chombo cha pwani yetu kilichopata kwenda. Nimewauliza watu wengi wa Kilifi, Malindi na Mombasa kama walimtazama siku ile. Wawili walisema waliona habari gazetini, na mmoja kati yao alikuwa anaikumbuka namba.